Unga wa Mtani

Mume wangu Zahoro alikuwa mtu wa kula, na sisemi hivyo kwa kumtukana. Kuna wanaume wa kusoma, kuna wa kuwinda, na kuna wa kukaa barazani wakisubiri sijui nini. Wangu alikuwa wa kula. Akishanawa mikono, watoto walisogeza sahani zao pembeni. Pale Visiga kina mama wenye shughuli walimwalika mapema, kwa sababu mpishi aliyesifiwa na Zahoro alitembea kifua mbele mpaka shughuli nyingine. Na chakula chake kikubwa, kupita wali na kupita nyama, kilikuwa bada, ugali wetu wa muhogo, mzito, unaovutika kidoleni. Akila bada hazungumzi na mtu.

Basi mtihani ukamjia hapo hapo penye tonge. Mwaka ule, Waingereza wangali wanatutawala, Zahoro alianza kunywa maji kama aliyekula papa wa chumvi. Mtungi nilioujaza asubuhi, adhuhuri ni mtupu. Akakonda. Kidonda cha mguuni alichochomwa na kisiki shambani, kidonda cha kusahaulika, kikakataa kufunga. Mimi nilisema ni jicho la watu, maana mtu anayekula vile halafu akakonda, utamtafuta tu mwenye jicho. Walionizindua ni sisimizi. Walijipanga nyuma ya nyumba, pale mume wangu anapokojoa, wakawa wanakwenda na kurudi kama walioalikwa karamu.

Tukaenda Kisarawe, kwenye zahanati, kwa dresa, msaidizi wa daktari, kijana mmoja aitwaye Lucian, mtu wa shikamoo nyingi na kubembeleza kidogo. Alichukua mkojo wa mume wangu, akautia katika dawa ya buluu, akachemsha, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali. Akasema ni ugonjwa wa sukari. Akatueleza kuwa muhogo mtupu ukishaingia mwilini hugeuka sukari upesi, na mwili wa mzee huyu hauiwezi tena. Asiposhika masharti, mguu utaoza, na mguu uliooza dawa yake ni msumeno. Dawa ya kuukwepa msumeno ilikuwa jikoni: sukari iwekwe mbali kabisa, tonge liwe dogo, na kila vibaba viwili vya unga wa muhogo vichanganywe na kibaba kimoja cha unga wa soya, ili sukari ipande polepole. Akatupa mfuko wa soya aliopewa na bwana shamba, nyingine tule, nyingine tupande.

"Mama," akaniambia mimi, maana alikwishaona nani mwenye masikio, "hii si dawa ya kumaliza ugonjwa. Ni ya kuishi nao."

Nilifika nyumbani na moyo wangu wote. Nikaitwanga ile soya kama ninavyotwanga makopa ya muhogo, kavu na mbichi vile vile, nikachekecha, nikasonga. Bada ikatoka inanuka maharage mabichi, na nyumba nzima tukaumwa matumbo. Zahoro akasema kama hiyo ndiyo dawa, basi wamletee huo msumeno. Nilikasirika, nikalia, nikaosha sufuria kwa vishindo ili asikie.

Aliyeniokoa ni Laurentia. Huyu alikuwa jirani yetu, Mnyamwezi, mjane wa mtu aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge. Sasa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakosei. Laurentia aliweza kuingia uani kwangu, akamkamata kuku wangu, akaondoka naye kwapani, na mimi sina la kufanya ila kumtukania babu zake. Tukifiwa, alivaa kanzu ya marehemu akamwigiza anavyotembea, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako. Siku ile alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, akauliza kama siku hizi Wazaramo wanapikia mbuzi.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akafunga kanga vizuri akanifundisha, kwa maana masista wa misheni ya kwao walikuwa wakiilima soya. Unailoweka, unaichemsha, unaitoa maganda, unaianika ikauke, kisha unaikaanga kwa moto wa taratibu mpaka inukie kama karanga. Hapo ndipo inakwenda kinuni. Bada ya safari hiyo ilikuwa na rangi ya majani makavu, ila ilikuwa na utamu wake. Zahoro alionja akiwa amekunja uso. Alipomaliza hakuisifu, lakini sahani ilikuwa nyeupe, na mimi nimeolewa naye siku nyingi, najua kusoma sahani.

Mambo yakanyooka. Kiu ikapungua. Kidonda kikaanza kujivuta kingo, taratibu, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Tulipokwenda kwa Lucian, ile buluu yake safari hii iligeuka kijani tu, na yeye kijana akatabasamu, jambo ambalo sikujua kama analiweza.

Nyumbani basi hatukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kwa watu. Kwetu chakula cha mwenzio hukikatai. Ukikikataa, umesema kwa tumbo lako kuwa mwenye nyumba ni mchawi na umeogopa alichokitia. Zahoro alialikwa hitima kule Kurui kwa binamu yake, akaenda na unga wake umefungwa kwenye kitambaa, akaomba kwa upole asongewe peke yake. Alasiri haijafika, habari zilikwisha zagaa kuwa Zahoro wa Visiga anatembea na unga mfukoni kwa kuwaogopa ndugu zake. Yule binamu akaacha kuitikia salamu.

Mtauliza kwa nini asiseme tu kwamba anaumwa. Hata mimi nilimuuliza. Lakini tulikuwa na mtoto wa kiume wa kuoa, Isihaka, na watu kabla hawajatoa binti huulizia magonjwa ya ukoo: kifafa, ukoma, wendawazimu. Hayo angalau yana majina. Ugonjwa huu wa kukusanya sisimizi nani angeujua? Ungepewa sura mbaya kuliko yote. Zahoro akatuapisha tusiutaje nje ya nyumba.

Na Isihaka akachagua, kama mkono wa shetani ulimwongoza, mahali pagumu kuliko pote. Alikuwa akienda Chole kununua korosho, huko ndani ya Kisarawe, akamwona Zena binti Mwishehe, akarudi nyumbani hajui kula wala kulala. Shemeji yangu Hemedi, mdogo wake Zahoro, akapeleka posa. Akapokewa vizuri, akalishwa wali wa nazi na kuku. Lakini kwa Mwishehe kulikuwa na desturi yao: wali ni wa wageni, bada ni ya ndugu. Mshenga anakula wali. Baba wa bwana harusi akija mwenyewe kumaliza maneno, anapewa bada ya muhogo wa shamba la nyumba ile, na sinia sharti lirudi jeupe, kwa sababu hapo anaacha ugeni anaingia undugu.

Hemedi akatuletea na salamu nyingine. Mwishehe alikuwa amesikia ya Kurui. Akasema kwa upole, na Hemedi alisisitiza kwamba ulikuwa upole, kuwa yule mzee akija kwake na unga mfukoni, arudi na unga wake na mwanawe.

Basi hali ndiyo hiyo. Asipokula, mwanangu amekosa mke. Akila bada tupu kama anavyojua kula, sinia zima la heshima, kile kidonda kingefunguka tena, na mimi nilikuwa nimeshakiona kilivyokuwa. Nilimtazama Isihaka anavyopiga pasi kanzu ya baba yake, nikautazama mguu wa baba yake, nikamwonea hasira kila mtu. Niliuonea hasira hata muhogo.

Zahoro akasema atakula. Akalisema hilo akiwa anatazama ukuta.

Mimi sikubishana naye. Nilikwenda kwa Laurentia.

Safari ya Chole tulikwenda wanne: Zahoro, Hemedi, mimi na Laurentia, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyeweza kumzuia. Tulipanda lori hadi Kisarawe, tukalala kwa jamaa, asubuhi tukaendelea na lori la mkaa mpaka lilipoishia, halafu Zahoro akakalishwa kwenye baiskeli na Hemedi akawa anaisukuma kwenye mchanga. Laurentia alitembea nyuma yao akisema sasa ameelewa kwa nini Wazaramo waliwaachia Wanyamwezi kazi ya upagazi, maana mzigo mmoja tu wa kizee unawatoa jasho hivyo. Kichwani alibeba kikapu. Ndani yake, chini ya viazi, ulikuwamo unga wa soya.

Mwishehe alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, na nyumba iliyofagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Wanaume wakakaribishwa ukumbini, sisi tukapitishwa uani. Huko mke wake, Mwanajuma, alikuwa amekwisha teleka sufuria ambalo ungeweza kumwogeshea mtoto, na unga wa muhogo ulikuwa kwenye ungo, mweupe, laini, wa kujivunia kweli. Nikampa shikamoo mama yake mkubwa aliyekaa pembeni, nikakaa, mikono kwenye magoti.

Laurentia alisema kwa niaba ya sote. Aliuinamia ule ungo akauliza kama leo wanapika gundi ya kubandika stempu. Mwanajuma akageuka, akaisikia ile lafudhi, akatabasamu nusu. Akamjibu kuwa babu zake walifika pwani na mizigo kichwani, wakaiona bahari, wakaitafutia kijiko cha kuikoroga. Wanawake wakaangua kicheko. Laurentia akasema ni kweli, na waliposhusha mizigo wayakoroge maji, Wazaramo wakatoroka na mizigo. Hapo utani ulikuwa umekwisha washwa, na utani ukiwashwa hauzimwi kwa maji. Wakati bado wanacheka, yeye alikwisha uvuta ungo, amechota unga wa muhogo kwa kata na kuumwaga kwenye chungu kitupu, na mahali pake amemimina unga wake kutoka kapuni, anachanganya kwa mikono yote miwili.

Kicheko kikapungua. Unga usiojulikana ndani ya chakula cha wageni si jambo dogo, hata kwa mtani. Mwanajuma akauliza ni unga gani huo.

"Wa akili," Laurentia akasema. "Nimeona hapa haba." Akatia kiganja cha ule unga kinywani, akatafuna mbele ya kila mtu, akamlisha na yule mama mkubwa, ambaye alimung'unya akasema unafanana na karanga. Kisha akaushika mwiko, akausonga ule ugali mwenyewe kwa nguvu za mtu aliyepika kwenye kambi ya mkonge, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Wangemkasirikia, wangeaibika. Wakabaki kumtukana, na yeye akawa anashukuru.

Mwanajuma alinitazama mimi. Hakumtazama Laurentia, alinitazama mimi, kwa kitambo. Mimi nikaangalia kuku waliokuwa wakidonoa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nadhani mwanamke anayepika anaweza kumtambua mwenzake mwenye siri ya chungu.

Sinia likaenda ukumbini. Niliegemea nyuma ya mlango wa uani, pale penye upenyo, nikachungulia bila haya. Mwishehe alikata tonge, akalitazama, akaliweka kinywani. Akaita uani kuuliza bada yake imepatwa na nini. Mwanajuma akajibu kuwa wageni wamekuja na mtani wa Kinyamwezi ameivamia. Ukumbi mzima ukacheka, na Mwishehe naye akacheka kwa sauti yake ndogo, kwa sababu afanyeje? Akaamuru kwamba adui huyo akimaliza kula aoshe masufuria yote ya nyumba. Na mume wangu akala. Nilimwona anakula bila kuuangalia ukuta, anakula kama Zahoro wa zamani, ila kwa tonge dogo na mboga nyingi, na sinia lile likarudi jeupe. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Visiga. Nikasema moyoni, imekwisha, tumeoa.

Ndipo ikaja chai. Katika kupanga kwangu kote nilikuwa nimewaza bada tu. Alikuja nayo Zena mwenyewe, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, kikombe kimoja juu ya kisahani. Mwanajuma akaninong'oneza kwa furaha kuwa binti ameipika kwa mkono wake, ameikoleza sukari na asali juu, maana nyumba hii baba mkwe hupewa kikombe na bibi harusi, na akikimaliza amemkubali. Nilitaka kumwita Laurentia. Laurentia alikuwa kisimani na masufuria.

Zena akapiga magoti. Zahoro akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Mvuke ulipanda, na hata pale nilipokuwa niliisikia harufu ya ule utamu. Ukumbi mzima ukamkazia macho, wakimsubiri. Nilimwona mume wangu anakipeleka kikombe mdomoni, nikaona kinasimama kidevuni. Nikamwomba Mungu, na sikujua namwomba nini, anywe au asinywe. Akakishusha.

"Mwanangu," akamwambia Zena, "chai hii nzuri, naijua kwa harufu. Sikukatai wewe." Kisha akamgeukia Mwishehe. "Ndugu yangu, mimi ni mgonjwa. Nina ugonjwa wa sukari. Mkojo wangu unakusanya sisimizi, na mguu huu unaouona umefungwa kitambaa, nikinywa vitu hivi utakatwa. Kule Kurui sikuogopa wachawi. Niliogopa muhogo. Na yule mtani hakuja kucheza, alikuja kunilinda mimi. Sasa umejua. Ukininyima binti, ninyime kwa hili, usije ukamtoa kwa kufichwa."

Mwanajuma pembeni yangu alivuta pumzi. Mimi nilifumba macho. Niliuona mwaka mzima wa Isihaka unaanguka kwenye kile kikombe, na bado, nasema kweli, sikuwahi kumpenda Zahoro kama dakika ile, mzee mkaidi, amemwaga mtama penye kuku wengi.

Nilipofumbua, Mwishehe alikuwa anautazama ule mguu. Akauliza, kwa sauti ile ile ndogo, kama bada ya leo ingemdhuru isingechanganywa. Zahoro akasema ingemdhuru.

"Na ungeila?"

"Ningeila. Mwanangu anampenda mwanao."

Mwishehe akanyoosha mkono akakichukua kile kikombe kutoka mikononi mwa mume wangu. Chai ilikuwa bado ya moto. Akainywa yote, funda kwa funda, macho yakimtoka maji, mpaka chini, kisha akakifudikiza kikombe kwenye kisahani na kumrudishia binti yake.

"Kikombe cha Zena hakirudi kimejaa," akasema. "Kwenye ugali umehitaji mtani. Kwenye chai una mkwe. Kila ukija hapa, chako nitakinywa mimi." Akajifuta sharubu, akamwonyesha Zena mume wangu, akamwambia amletee baba yake maji ya mtungini.

Amesema baba yake. Nilisikia vizuri, na Hemedi alisikia, kwa sababu alianza papo hapo kuzungumza habari ya siku ya harusi, kwa haraka ya mtu anayeogopa mlango usije ukafungwa.

Mwanajuma alinishika mkono akaniuliza, sasa bila kuzunguka, huo unga unatengenezwaje. Nikaanza kumweleza kuloweka, kuchemsha, kutoa maganda, nikafika kwenye kukaanga, machozi yakanitoka. Nikatoka nje ya ua. Laurentia alikuwa anarudi kutoka kisimani, masufuria kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Aliniona ninavyolia, akayatua masufuria chini polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na tusi la kusema. Akauliza kama wamekataa.

Nikatikisa kichwa.

"Wametupa binti, Laurentia," nikamwambia. "Na mume wangu narudi naye."